Miaka Yangu Kati ya Taa Ndogo

Ukumbi mpya wa parokia yetu umeshaezekwa, na mabishano ya kamati yamehama kutoka kwenye mabati hadi kwenye skrini. Vijana wanataka skrini kubwa ya LED nyuma ya jukwaa, kama zile za kumbi za harusi. Wazee wanauliza kwa nini isinunuliwe televisheni kubwa tu, nayo si imeandikwa LED? Mhasibu ameshika profoma za wauzaji, bei zimepishana mno, na kila karatasi inaapa kwamba mali yake ni LED ya kisasa. Nikaombwa nizisome, kwa kuwa vitu hivi ndivyo vilivyonilisha tangu ujana.

Kuzisoma hakukunichukua muda. Kazi ilikuwa kueleza, maana kila swali la mjumbe lilinirudisha kwenye meza fulani ya ufundi niliyowahi kuikalia. Nimeona niyaandike baadhi ya niliyoyakumbuka, kwa sababu kamati yetu si ya kwanza wala ya mwisho kukwama hapo. Msimamo wangu nautaja mapema: skrini huchaguliwa kwa kumwanzia mtazamaji. Amekaa umbali gani, jua linaingilia wapi, umeme wa jengo ukoje, na ikiharibika nani atapanda ngazi. Jina lililoandikwa kwenye boksi linafuata baadaye sana.

Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio Morogoro mjini, miaka ya tisini. Mimi nilikuwa wa kufagia na kupanga spea kwenye makopo ya maziwa. Kopo moja lilikuwa la taa ndogo zilizong'olewa kwenye redio mbovu: nyekundu tele, za kijani na za manjano chache. Nilidhani ni globu za kisesere. Mjomba akaniambia, "Hiyo si globu, mpwa wangu. Tazama ndani, ina uzi wa kuungua?" Kweli haukuwemo.

Akanipa betri ya tochi. Betri moja, taa haikuwaka. Betri mbili zilizofuatana, kupitia rezista ndogo, ikawaka. Nikageuza miguu yake, ikazima. Kisha akachukua taa nyingine, kwa makusudi kabisa, akaigusisha kwenye betri ya volti 9 bila rezista. Ikamulika kwa ukali wa ajabu, ikafa hapo hapo. "Umeona? Haijui kujizuia," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba majaribio yale yalikuwa somo zima. Taa ile ni LED, yaani diodi itoayo mwanga. Ndani ya kofia ile ya plastiki mna kipande cha semikondakta kidogo kuliko punje ya mchanga, chenye pande mbili zilizotiwa kemikali tofauti. Upande mmoja una elektroni za ziada. Mwingine una nafasi wazi zinazozisubiri. Umeme ukisukumwa kwa mwelekeo sahihi, elektroni huvuka mpaka, huangukia kwenye nafasi zile, na nishati inayoachiliwa hutoka ikiwa mwanga. Hakuna kinachoungua, ndiyo maana taa hizi hudumu. Ukigeuza miguu, mpaka hufungwa. Urefu wa anguko la elektroni ndio unaoamua rangi: anguko fupi hutoa nyekundu, refu zaidi hutoa kijani, refu zaidi tena hutoa buluu. Kwa hiyo diodi nyekundu hutaka karibu volti 2 na ya buluu karibu volti 3, na betri moja ya volti 1.5 haiwezi kuwasha hata moja kati yao. Ukishavuka kiwango hicho, ongezeko dogo la volti huongeza mkondo maradufu, na ndipo rezista, au chipu ya kudhibiti mkondo, inapohitajika. Nitarudi kwenye volti hizo mbili, kwa sababu ziliwahi kuniletea kesi ya gauni la harusi.

Taa nyekundu inayoonekana kwa macho ilioneshwa na Mmarekani Nick Holonyak mwaka 1962, alipokuwa General Electric. Ya buluu iliwasumbua watafiti miaka mingine thelathini. Waliofanikiwa ni Wajapani, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, kwa kutumia gali nitridi, kampaundi ambayo wengi walikuwa wameikatia tamaa. Kampuni ya Nichia, alikokuwa Nakamura, ilitoa buluu yenye mwanga wa kutosha mwaka 1993, na mwaka 2014 watatu hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Si ajabu basi kwamba katika kopo la mjomba hapakuwa na buluu hata moja. Ulimwengu mzima ulikuwa na uhaba huo. Na bila buluu hakuna skrini ya rangi zote, kwa kuwa jicho hujengewa kila rangi kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu.

Kwenye kibanda kile ndiko pia nilikojua onesho la kwanza la LED, lile la tarakimu za mistari saba. Mteja wetu mmoja, mwenye nyumba ya wageni, alileta saa ya mezani akilalamika kwamba ikifika saa 8 inaandika sifuri. Mstari wa kati ulikuwa umekufa, basi. Mistari saba ikipangwa vizuri inaandika tarakimu zote kumi, na hadi leo ndiyo inayotumika kwenye pampu za mafuta, mizani za sokoni na vibao vya kuita namba benki. Kwa maoni yangu hilo ndilo onesho la LED lenye akili kuliko yote: halitumii taa hata moja isiyo na kazi.

Nilipohamia Dar es Salaam nikaangukia Kariakoo, na Kariakoo ilikuwa imeanza kujaa mabango mekundu yanayotembeza maandishi. Duka la dawa, saluni, wakala wa fedha, gesti, kila mmoja alitaka lake. Kwa miaka kadhaa nilikula kwa mabango hayo. Yote yalitokana na kipande kilekile, moduli inayoitwa P10. P ni umbali kati ya nukta na nukta, na 10 ni milimita. Moduli ina urefu wa milimita 320 na kimo cha milimita 160, kwa hiyo nukta 32 kwa 16, jumla 512. Unaziunganisha kwa nyaya bapa, unaweka kadi ndogo ya kudhibiti, unaingiza umeme wa volti 5, na maandishi unayatuma kwa simu au kwa flashi.

Kilichonishangaza nilipofungua moduli ya kwanza ni uchache wa nyaya. Taa 512 zingehitaji njia 512, lakini chipu zilizokuwa nyuma zilikuwa na njia 128 tu za kutolea habari. Siri ni kwamba moduli haiwashi mistari yake yote 16 kwa pamoja. Huwasha robo, ikazima, ikawasha robo inayofuata, mpaka zimalizike nne, kisha huanza upya, na mzunguko huo huenda kasi kiasi kwamba jicho linaona bango zima limetulia. Habari nazo hazipelekwi kwa kila moduli kivyake. Hupitishwa moduli hadi moduli, kama vibarua wanavyopokezana makarai ya zege. Ndiyo maana bango likizima kuanzia katikati hadi mwisho, fundi mzoefu haangaiki na moduli zote zilizozima. Huangalia ile ya kwanza iliyozima, na ile iliyo hai iliyopakana nayo.

Mwenye duka moja la dawa alinipigia simu kwa hasira. "Fundi, umenifungia bango bovu. Nimepiga picha nitume kwa wateja, nusu ya maandishi hayapo!" Nilikwenda, tukasimama barabarani wawili, bango linasomeka lote. Akapiga picha nyingine mbele yangu, na safari hii zikakosekana herufi nyingine. Kamera yake ilikuwa inafungua na kufunga jicho lake haraka kuliko mzunguko wa bango, ikanasa robo moja au mbili tu. Tulicheka, lakini lile halikuwa jambo la kucheka tu. Skrini kubwa za rangi zina hesabu hiyohiyo: mara ngapi kwa sekunde picha inachorwa upya. Zile za bei ya chini huchora mara 960 au 1,920; zilizotengenezwa kwa ajili ya kamera hufikia 3,840 na zaidi. Ukikaa kwenye kiti hutaona tofauti. Ibada ikirushwa mtandaoni, utaona michirizi myeusi ikipanda na kushuka nyuma ya padri. Katika profoma za kamati yetu, ni moja tu iliyotaja kiwango hicho.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilianza kuzimwa nchini, Dar es Salaam ikitangulia. Watu walikimbilia ving'amuzi, na wengi katika pilikapilika hizo waliona wakati umefika wa kuachana na televisheni ya chogo. Meza yangu ikabadilika. Badala ya mabango zikaja televisheni bapa, kila moja ikiwa na LED kwa herufi kubwa kwenye boksi, na kila mwenye nayo akiamini kwamba picha yake inatengenezwa na taa ndogo za rangi.

Mama mmoja muuza vitenge aliniletea ya inchi 32 imefungwa kwa shuka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti ipo, picha hakuna. Wa kwanza kaniambia kioo kimekufa, ninunue nyingine."

Niliiwasha, nikazima taa ya duka, nikamulika kioo kwa tochi kutokea ubavuni. Ndani ya giza lile ukaonekana, kwa mbali, uso wa msomaji wa habari akiendelea na taarifa yake. Mama akasogea, akakodoa macho, akaangua kicheko: "Kumbe wamo!"

Walikuwemo. Kioo cha televisheni ile, na cha nyingi mnazoziita LED majumbani, ni LCD: fuwele za kimiminika zinazofunguka na kufunga njia ya mwanga, zikiwa na vichujio vya rangi juu yake. Zenyewe haziwaki. Taa za LED zimepangwa nyuma kwenye mikanda, au pembezoni kwa zile nyembamba, kazi yake ni kumulika tu. Katika mikanda ile diodi hufuatana kwenye njia moja ya umeme, na moja ikifa, mlolongo wake wote unazima. Niling'oa kioo, nikabadilisha mikanda, mama akaondoka na televisheni yake kwa gharama ndogo sana kuliko ya kununua nyingine. (Msomaji usijaribu nyumbani. Mikanda ile hulishwa volti nyingi, wakati mwingine zaidi ya 100, na kioo hupasuka kwa kushikwa vibaya tu.)

Kazi hiyo ilinifundisha jambo jingine kuhusu taa nyeupe. Hakuna diodi inayotoa mwanga mweupe. Ile iliyo nyuma ya kioo ni ya buluu, imefunikwa unga wa manjano unaogeuza sehemu ya buluu hiyo. Jicho likipokea vyote viwili huona nyeupe. Joto likiuchosha unga ule, picha huanza kuelekea buluu au zambarau, na mwenye televisheni hudhani ni mambo ya rangi kwenye rimoti. Dawa ya kuchelewesha ugonjwa huo ni ya bure: punguza mwanga wa nyuma kwenye mipangilio. Televisheni nyingi hutoka kiwandani mwanga ukiwa juu kabisa ili zing'ae dukani.

Kuanzia hapo majina yalifuatana. Zinazoitwa QLED ni LCD vilevile, zimewekewa utando wa chembe ndogo mno zinazosafisha rangi. Mini-LED ni LCD pia, ila taa za nyuma ni ndogo na nyingi, zimegawanywa kwa maeneo, ili sehemu yenye usiku kwenye picha izimwe na yenye mwezi ing'ae. OLED ndiyo iliyovunja mpango huo, kwa kuwa kila nukta hutoa mwanga wake. Msingi wake uliwekwa na Ching Tang na Steven Van Slyke wa Kodak mwaka 1987, kwa kutumia tabaka nyembamba za kemikali za kaboni. Nukta ikizimwa ni giza tupu, wala haili umeme. Ubaya wake ni kuchakaa. Nimeona simu ambazo alama ya betri na saa zimechapika juu ya kioo milele, na nimeona pia wateja wakibadilishiwa kioo cha OLED kwa cha LCD bila kuambiwa. Nao hulalamika kwamba betri haikai na nyeusi imekuwa kijivu, na malalamiko yote mawili ni ushahidi wa kweli.

Kazi za nje zilinifikisha pwani. Tulifunga skrini ya matangazo barabarani katika mji mmoja wa baharini, rangi zote, P10 ileile lakini kila nukta ikiwa na taa tatu. Mtindo wa zamani wa kazi hizo huitwa DIP: taa za nyekundu, kijani na buluu, kila moja na kofia yake na miguu yake, zimesimama pamoja kama nukta moja. Zinang'aa sana na zinastahimili, lakini ukisogea pembeni rangi zinaachana. Mtindo ulioenea sasa ni SMD, ambapo chipu tatu zimelazwa ndani ya kijumba kimoja kidogo, na rangi huchanganyika vizuri hata ukitazama kwa upande. Udhaifu wake ni kwamba ukigonga kijumba kwa ngazi kinang'oka. Siku hizi kuna COB, chipu zimegandishwa moja kwa moja juu ya bodi na kufunikwa utomvu mgumu, unaweza kupangusa kwa kitambaa bila kuomba dua.

Bahari haikujali mtindo. Mvua tuliiweza, kwa sababu moduli zilikuwa zimezibwa mbele kwa silikoni. Chumvi iliingilia nyuma, kwenye viunganishi, ikavigeuza kijani. Tangu hapo, kazi ya pwani nikiulizwa bei, huuliza kwanza mgongo wa skrini umezibwaje, maana wauzaji hupenda kutaja kinga ya mbele peke yake.

Usiku wa kwanza wa skrini ile madereva wa bodaboda walikuja juu, na walikuwa na haki. Ili kushindana na jua la mchana, skrini ya nje hutoa mng'ao wa niti 5,000 na zaidi, ambapo televisheni ya sebuleni hutoa mia tatu au mia tano. Mwanga huo ukiachwa hivyo giza likishaingia, anayetoka kwenye kona haoni mtu anayevuka. Kuna kihisi cha bei ndogo kinachopunguza mwanga jua likizama. Tulikifunga, na ningekuwa mtunga sheria, skrini ya barabarani isingepewa kibali bila hicho.

Gauni nililoliahidi ni la Dodoma. Ukumbi wa harusi ulikuwa umenunua skrini ya makabati ya nusu mita kwa nusu mita, P3.9, kila kabati nukta 128 kwa 128. Usiku wa sherehe, bibi harusi akioneshwa kwenye skrini, gauni lake kulia lilikuwa jeupe na kushoto la pinki. Mpiga video alilaumiwa kwanza, kisha kompyuta, kisha programu. Mimi nilipanda nyuma na mita. Kulia kulikuwa na volti 5 kamili. Kushoto, mwisho wa waya mrefu na mwembamba, volti zilikuwa zimepungua kiasi ambacho picha nyeupe, inayokula umeme kuliko picha yoyote, ilizidi kuzishusha. Zikipungua hivyo, wa kwanza kudhoofika ni buluu na kijani, wanaotaka volti 3 pamoja na zile ambazo chipu hujichukulia njiani. Nyekundu, anayetosheka na 2, huendelea kung'aa. Nyeupe iliyopungukiwa na wenzake wawili ni pinki. Tulisogeza pawasaplai karibu na makabati na kuweka nyaya nene. Betri mbili za mjomba zilikuwa zimeshanieleza tatizo hilo kabla sijaota ndevu.

Nikiwa na hayo kichwani ndipo nilipoketi na kamati. Nilianza kwa kupima ukumbi kwa futi kamba, jambo ambalo hakuna muuzaji aliyelifanya. Mstari wa mbele utakaa mita 5 kutoka ukutani, wa nyuma mita 30 hivi. Televisheni ya inchi 85, ambayo wazee waliipenda, ina upana usiofika mita 2. Aliye nyuma asingesoma wimbo. Projekta ilipendekezwa pia, lakini madirisha ya magharibi huleta jua la saa kumi moja kwa moja ukutani. Kwa hiyo vijana walikuwa sahihi kuhusu aina. Walichokosea ni kutaka P2.5, kwa sababu ndiyo waliyoiona kwenye studio moja.

Kanuni ya mafundi ni rahisi, nayo inatosha kwa kuanzia: kila milimita moja kati ya nukta hutaka mita moja ya umbali. P2.5 hupendeza kuanzia mita mbili na nusu, P4 kuanzia mita 4, P10 kuanzia mita 10. Mtazamaji wetu wa karibu yuko mita 5. Tukachora skrini ya mita 3.84 kwa 2.88, yaani moduli 12 kwa 18, jumla 216. Kwa P4 hiyo ni nukta 691,200. Kwa P2.5 ni nukta 1,769,472, na kila nukta ina diodi tatu, zinahitaji chipu za kuziongoza, na kila moja ni kitu kinachoweza kufa. Zaidi ya nukta milioni moja za ziada zingelipiwa na waumini, na macho ya ukumbini yasingezifaidi kiasi cha kulipia gharama hiyo. Mjumbe mmoja akauliza, "Sasa wanauza P2.5 kwa nani?" Kwa studio, nilimjibu, na kwa chumba cha mikutano, ambako mtu yuko hatua tatu kutoka ukutani. Chini ya hapo ziko hadi zenye pengo lisilofika milimita moja, na micro-LED, ambazo bei yake bado si ya kujadiliwa kwenye kikao cha parokia.

Umeme ndio uliowanyamazisha. Skrini ya namna hiyo ikionesha nyeupe tupu kwa mwanga wote hula kama wati 500 kwa mita moja ya mraba. Kwa mita zetu 11 ni wati 5,500, karibu ampea 24 kwenye volti 230, na soketi ya kawaida ukutani ni ya ampea 13. Inahitaji njia yake kutoka kwenye swichi kuu, na jenereta iliyonunuliwa kwa ajili ya spika na feni haiibebi. Kwa matumizi ya kila siku hula kama theluthi ya hapo, maana picha nyingi si nyeupe na ndani ya jengo hauhitajiki mwanga wote. Hapa LED ya kweli inaishinda LCD: nukta iliyozimwa haili kitu, lakini taa za nyuma za televisheni nyingi huendelea kuwaka hata picha ikiwa nyeusi. Kwa hiyo nyimbo ziandikwe kwa herufi nyeupe juu ya giza, siyo herufi nyeusi juu ya weupe kama karatasi. Bili itashuka, na macho ya wazee yatashukuru.

Lililobaki ni la kumwambia yeyote anayejiandaa kununua, awe wa kanisa, msikiti, shule au ukumbi. Viwandani diodi huchambuliwa na kupangwa kwa makundi kufuatana na rangi na mwanga, kwa sababu hata zilizotoka kwenye mashine moja hazifanani kabisa. Moduli mbili za jina moja na P moja, zilizotengenezwa miezi tofauti, zikipangwa pamoja huonekana kiraka. Moduli ikifa mwaka wa tatu, hutapata pacha wake Kariakoo wala kwa aliyekuuzia. Kwa hiyo kabla ya kulipa malipo ya kwanza, dai moduli za akiba za bachi ileile, kumi hivi kwa skrini kama yetu, pamoja na pawasaplai mbili na kadi moja ya kupokea habari za picha. Namba ya bachi iandikwe kwenye mkataba, na sanduku la akiba likae mahali pakavu, ufunguo ukiwa kwa mtu anayejulikana. Muuzaji akisema hakuna haja, tafuta mwingine.